Kuizunguka Mipaka

Sisi tukaao Afrika ya Mashariki twayajua majira kwa mvua na kwa pepo. Masika yakikaribia, jembe hutolewa pembeni na kutiwa mpini mpya. Kusi ikianza kuvuma, mvuvi huitazama bahari mara mbili kabla ya kushua ngalawa yake. Uingereza mambo si hivyo. Mvua ya huko hunyesha mwaka mzima, leo kidogo na kesho kidogo, wala haimwambii mtu ni mwezi gani. Kinachoyatenga majira ni baridi na mwanga. Mwezi wa Desemba, katika mji wa London, jua huchomoza kama saa mbili ya asubuhi, na kabla ya saa kumi ya alasiri limekwisha kutua. Miti mingi husimama mitupu, haina hata jani moja, na mgeni atokaye kwetu akiiona hudhani ya kuwa imekufa yote. Watu hufunga milango na kukaa karibu na moto. Mtu aweza kukaa wiki tatu asimwone jirani yake, nao nyumba zao zimekabiliana.

Halafu huja mwezi wa Machi. Mchana hurefuka, udongo hupata joto, na miti ile iliyodhaniwa imekufa hutoa machipukizi. Hayo ndiyo majira ya kuchipua, nayo huendelea hata mwisho wa Mei. Milango hufunguliwa. Nataka kuwasimulieni, enyi wanafunzi, mambo yanayotendeka katika kanisa la parokia wakati huo; kisha nitasema maoni yangu juu ya desturi moja ya kale, ndiyo desturi ya kuizunguka mipaka ya parokia kwa miguu pamoja na watoto. Wako wanaosema ya kuwa huo ni mchezo tu, na kwa kuwa siku hizi ramani ziko, heri uachwe. Mimi sikubali. Lakini pia sikubali kila jambo lililotendwa zamani kwa jina la desturi hiyo, na sababu zangu nitazieleza.

Kwanza yafaa tujue parokia ni nini. Mtoto akiulizwa, huenda akaonyesha jengo la kanisa kwa kidole na kusema, "Ndiyo ile pale." Sivyo. Nchi yote ya Uingereza, mashamba na miji, imegawanywa katika parokia tangu zamani sana, hata karibu kila kipande cha ardhi kina parokia yake. Basi parokia ni ile ardhi, pamoja na kila mtu akaaye juu yake, awe anakuja kanisani au haji kabisa. Mlevi aliyelala kando ya njia ni mtu wa parokia. Mzee asiyeamini neno lolote lisomwalo kanisani naye ni mtu wa parokia. Akitaka kumwoza binti yake katika kanisa lile, sheria ya nchi yampa binti haki ya kuolewa humo, mradi hapana kizuizi cha ndoa. Lishikeni neno hili, maana tutalirudia.

Sasa tuje kwenye kazi za majira. Kwaresima huangukia wakati huo huo wa kuchipua. Sisi jina la Kwaresima tulilipata kwa Wareno, nalo asili yake ni hesabu ya arobaini, kwa ajili ya zile siku arobaini za kufunga. Waingereza huiita Lent, na neno hilo hapo kale lilikuwa jina la majira yenyewe ya kuchipua, wakati siku zinaporefuka. Kwa hiyo katika lugha yao kufunga na kuchipua vilikuwa na jina moja.

Katika Kwaresima kanisa husafishwa. Vumbi la baridi hufagiwa, nta ya mishumaa hukwanguliwa sakafuni, na vyombo vya shaba husuguliwa hata ving'ae. Nje, makaburini, majani huanza kuota kwa nguvu. Watu huja na mafyekeo yao siku ya Jumamosi, lakini parokia nyingi huacha sehemu moja isifyekwe mpaka maua ya mwitu yamwage mbegu zake. Kazi hizi hazina mshahara. Nami nimeona ya kuwa mahali po pote palipo na kazi isiyo na mshahara, utawajua upesi watu wanaopapenda mahali pale na watu wanaopasifia tu.

Jumapili ya nne ya Kwaresima ni Jumapili ya Akina Mama. Asili yake yahuzunisha kidogo. Zamani watoto wa maskini walipelekwa kutumika katika nyumba za matajiri wakiwa wadogo, labda wa umri wenu ninyi msomao habari hii, nao walikaa mbali na kwao mwaka mzima. Siku hiyo moja walipewa ruhusa ya kwenda kuwatazama mama zao. Walitembea kwa miguu, na njiani walichuma maua madogo ya rangi ya zambarau yaliyoota kandokando ya njia, wayapeleke nyumbani, kwa kuwa hawakuwa na zawadi nyingine. Desturi hiyo ilikuwa karibu kufa, na aliyeifufua tangu mwaka 1913 ni mwanamke mmoja aitwaye Constance Penswick Smith, aliyeandika na kuwahimiza watu mpaka mwisho wa maisha yake mwaka 1938. Siku hizi watoto hupewa kanisani vishada vya maua wawapelekee mama zao, na parokia nyingi huweka vishada vingine kwa ajili ya wale ambao mama zao wamekwisha kufa, na kwa wazee wasioweza kutoka nyumbani.

Jumapili ya Matawi hapana budi kucheka kidogo. Uingereza haina minazi wala mitende. Sisi tulio na makuti mengi hata ya kuezekea mabanda ya kuku hatuwezi kufikiri ya kuwa mtu aweza kukosa tawi la mtende siku hiyo. Wao zamani walikata vitawi vya mti mmoja uotao kando ya mito, wenye vichipukizi laini kama manyoya ya kifaranga, wakauita huo mtende, wakaenda nao kanisani kwa shangwe. Sidhani ya kuwa Bwana aliikataa shangwe yao.

Pasaka ikifika, madirisha ya kanisa hupambwa kwa maua na majani mabichi, na kengele zilizonyamazishwa katika Juma Kuu hulizwa tena. Kengele hizo ni kubwa, kila moja ina mtu wake na kamba yake, wala mmoja hawezi kuzipiga zote. Asipokuja mmoja, wote husikia pengo lake.

Baada ya shangwe hiyo ya Pasaka huja jambo lisilo na maua wala kengele, yaani mkutano wa mwaka, ambao kwa sheria ya sasa hauna budi kufanyika kabla ya mwisho wa mwezi wa Mei. Hapo huchaguliwa wazee wa kanisa wawili. Pia katika siku hizo hesabu za fedha husomwa, na hapakosi mtu anayesimama kusema ya kuwa paa linavuja. Watoto huuona mkutano huo wachosha, na kusema kweli, watu wazima wengi nao huuona hivyo. Lakini una jambo moja la ajabu. Wanaoruhusiwa kuwachagua wazee hao wawili si wanaosali peke yao. Kila mtu akaaye ndani ya mipaka ya parokia, ikiwa jina lake limo katika daftari la wapiga kura wa mahali pale, aweza kuja na kuinua mkono wake, hata kama hajaingia kanisani tangu alipobatizwa, au hajabatizwa kabisa. Yule mzee asiyeamini aliyetajwa juu aweza kumchagua mzee wa kanisa! Wengine husema hii ni kasoro ya sheria. Mimi naona ndiyo sehemu iliyo nzuri kuliko zote, maana yawakumbusha wenye kanisa ya kuwa hawakupewa jengo tu, bali wamepewa watu.

Lakini watu hao ni nani, na mpaka wao uko wapi? Hapa ndipo tunapoifikilia desturi yenyewe.

Kiasi cha mwaka 470, katika mji wa Vienne, katika nchi iitwayo sasa Ufaransa, palikuwa na matetemeko ya ardhi na moto, watu wakaingiwa na hofu kuu. Askofu wao Mamertus akawaagiza wafunge na kuandamana wakiomba siku tatu kabla ya Sikukuu ya Kupaa. Desturi hiyo ikaenea, nayo kwa kuwa huangukia wakati mbegu zimekwisha kupandwa, watu wakaitumia kuombea mashamba. Uingereza iliamriwa katika mkutano wa maaskofu wa mwaka 747. Maaskofu hao hao wakakataza michezo, mashindano ya farasi na karamu kubwa siku hizo. Nasi twajua ya kuwa mtu hakatazi jambo lisilotendeka.

Baadaye, mwaka 1559, Malkia Elizabeth wa Kwanza alipoyaondoa maandamano mengine ya kanisa, hili moja aliliacha: kila mwaka kasisi na watu wa parokia waizunguke mipaka yao. Kwa nini aliliacha? Kwa sababu lilikuwa na faida ya dunia hii pia. Wakati ule vijiji havikuwa na ramani za kutegemewa, na watu wengi hawakujua kusoma. Mpaka ulikuwa mwaloni mkubwa, kisha jiwe, kisha kijito, kisha kona ya ukuta wa fulani. Mti hukatwa na kijito huhama. Hata jiwe, mwenye tamaa huja usiku akalisogeza hatua kumi, na ndiyo maana katika Kumbukumbu la Torati imo laana juu ya mtu auondoaye mpaka wa jirani yake. Basi watu walitembea wote pamoja, wakasimama penye kila alama, kasisi akasoma Injili. Katika London kiko kitongoji kiitwacho Gospel Oak, maana yake Mwaloni wa Injili, kwa ajili ya mti uliosomewa hivyo zamani.

Na watoto walichukuliwa, tena walitangulizwa mbele. Sababu yake ni nyepesi: mtoto wa miaka kumi ataishi zaidi kuliko babu yake. Parokia mbili zikigombea malisho baada ya miaka sitini, hakimu alimwita mzee mwenye mvi na kumwuliza, "Wajuaje ya kuwa mpaka unapita hapa?" Naye alijibu ya kuwa alipita pale akiwa kijana pamoja na parokia nzima. Ushahidi wa namna hiyo ulikubaliwa na kuandikwa. Fikirini heshima hiyo! Watu wazima wote wa parokia, pamoja na kasisi wao, waliweka mali yao katika kumbukumbu la mtoto.

Lakini sasa sikieni jinsi walivyolitia kumbukumbu hilo kichwani mwake. Walipofika penye jiwe, walimshika mtoto wakamgongesha matako juu yake. Walipofika penye kijito, walimtupa ndani. Mahali pengine walimchapa fimbo, au walimsukuma katika majani yawashayo kama upupu. Walifikiri ya kuwa mtu hasahau mahali alipoumizwa. Baadaye walimpa sarafu au mkate mtamu ili anyamaze. Siku hizi watoto hawapigwi. Ni mawe yapigwayo kwa fimbo. Katika mji wa Leighton Buzzard iko desturi ya kumsimamisha mtoto mmoja wa kwaya kichwa chini, miguu juu, wakati wasia wa mtu aliyewajengea maskini nyumba unaposomwa hadharani. Na hiyo nadhani watoto wenyewe huigombea zamu yake.

Mimi nasema watu wa kale walikosea kuwapiga. Sisemi hivyo kwa sababu ya huruma tu, ingawa huruma yatosha kuwa sababu. Nasema hivyo kwa sababu maumivu humfundisha mtoto mahali jiwe lilipo, lakini hayamfundishi kwa nini liliwekwa. Mtoto aliyegongeshwa juu ya jiwe atalikumbuka jiwe. Mtoto aliyeulizwa, "Nyumba ile iliyo upande wetu wa jiwe ni ya nani, na kwa nini moshi hautoki?" atamkumbuka mwenye nyumba.

Na hapa naja kwenye kosa lililo kubwa kuliko fimbo, ambalo vitabu vingi vya desturi hulipita upesi. Tangu sheria ya mwaka 1601, kila parokia ya Uingereza ililazimishwa kuwalisha maskini wake, na wenye mali walitozwa fedha kwa kazi hiyo. Ilikuwa sheria njema, tena ya ajabu kwa wakati wake. Lakini fedha zilipotoka mifukoni, watu wakaanza kuuliza, "Maskini wetu ni yupi, na yupi si wetu?" Mwaka 1662 ilitungwa sheria nyingine: mgeni aliyepanga nyumba ya kodi iliyo chini ya pauni 10 kwa mwaka aliweza kushtakiwa katika siku 40 za kwanza, na mahakimu wawili wakaamuru arudishwe alikotoka, asije akawa mzigo. Mpaka ule uliozungukwa kwa zaburi sasa ukawa ukuta.

Walioumia kuliko wote walikuwa wanawake maskini wenye mimba wasio na waume. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alihesabiwa kuwa wa parokia alimozaliwa, na kwa hiyo ni hiyo itakayomlisha. Zimebaki habari za wasimamizi wa maskini waliowahimiza wanawake hao waondoke, au waliowapakia katika gari la farasi na kuwavusha mpaka uchungu ukiwa karibu, ili mtoto azaliwe upande wa pili. Nao waliotenda hivyo walikuwa watu wa kanisa. Wazee wa kanisa wenyewe walihesabiwa kuwa wasimamizi wa maskini kwa sheria. Huenda walikuwa wamepita penye jiwe lile lile mwezi wa Mei uliotangulia, wakaimba vizuri.

Kwa hiyo mtu akiniambia ya kuwa desturi hii ni nzuri kwa sababu ni ya kale, simsikilizi. Ukale wake una mambo yote mawili. Afadhali tumsikilize George Herbert, aliyekuwa kasisi wa kijiji cha Bemerton, karibu na Salisbury, tangu mwaka 1630 hata alipokufa mwaka 1633. Alikuwa mtu wa jamaa kubwa na mshairi, angaliweza kukaa penye nyumba za wafalme, akachagua kijiji. Kitabu chake juu ya kazi ya kasisi wa mashambani kilipigwa chapa mwaka 1652, naye humo ataja faida nne za kuzunguka mipaka. Ya kwanza ni kumwomba Mungu ayabariki mashamba. Ya pili ni haki, mipaka isipotee. Ya tatu ni upendo, kwa kuwa watu hutembea pamoja, na wenye ugomvi hupatana njiani. Ya nne ni huruma, kwa kuwa siku hiyo maskini hugawiwa vitu. Tena asema ya kuwa alitaka watu wote wafike, na aliyejitenga hakumfurahia.

Zingatieni ya kuwa faida mbili za mwisho haziwezi kufanywa na ramani. Ni kweli, katika karne ya kumi na tisa serikali ya Uingereza ilipima nchi yote, na mipaka ikachorwa. Tangu hapo hapana haja ya mzee mwenye mvi mbele ya hakimu. Wanaosema desturi iachwe wana hoja hiyo, nayo ina nguvu. Lakini ramani humwonyesha mtu mstari, haimpitishi mlangoni. Haisemi ya kuwa mama wa nyumba ya mwisho hajaonekana tangu baridi ilipoanza, wala ya kuwa mtu na ndugu yake wamegawana boma moja na hawasalimiani. Mambo hayo hujulikana kwa miguu. Ugomvi nao hupoa kwa kutembea kuliko kwa kuketi, maana watu wawili wakivuka kijito chenye utelezi, mmoja hana budi kumpa mwenziwe mkono.

Wala watu wa kwetu hawahitaji kwenda Ulaya kulijua jambo hili. Wachaga wa Kilimanjaro hupanda masale kuwa alama ya mpaka kati ya shamba na shamba. Na mmea huo huo wa isale ndio achukuao mtu aliyekosa, aendapo kumwomba mwenziwe msamaha. Sijui kama yuko mtu aliyekaa akapanga ya kuwa alama ya "hapa ni pangu" na alama ya "nisamehe" ziwe jani moja. Lakini kasisi wa Bemerton angalifurahi kulishika mkononi.

Basi hili ndilo niombalo. Masika yakiisha na njia zikikauka, mwalimu achague siku moja, na wanafunzi waizunguke parokia yao, au kijiji chao kama parokia ni kubwa mno kwa miguu ya siku moja. Awepo mzee mmoja ajuaye majina ya mahali. Fimbo ziwepo pia, za kupigia mawe. Penye kila nyumba iliyo karibu na mpaka watoto wabishe hodi, wajue ni nani akaaye humo na kama ana kuni na maji. Na nyumba iliyo hatua tano nje ya mpaka wasiipite kama hawaioni. Nayo waibishe hodi. Najua mwalimu mmoja ataniambia ya kuwa siku hiyo hesabu hazitafundishwa. Na watoto wahesabu nyumba.

Katika Oxford, kila Sikukuu ya Kupaa, watu wa kanisa la St Michael at the Northgate wangali wakiizunguka mipaka yao. Kwa kuwa mji umejengwa juu ya mawe ya kale, njia yao hupita madukani na ndani ya vyuo, na wanunuzi huacha kununua wakawatazama kasisi na watoto wakipiga ukuta kwa fimbo. Katika Lincoln College watoto hurushiwa sarafu. Zamani wanachuo walizichoma moto kwanza, wapate kucheka watoto wakiungua vidole. Nadhani hapo pia fimbo na upupu vilikuwa havijasahauliwa.

Na katika London liko kanisa la All Hallows by the Tower, karibu na ile ngome kubwa ya wafalme. Mwaka 1698 watu wa kanisa na watu wa ngome walikutana penye alama iliyogombewa na pande zote mbili, wakapigana. Hata leo, kila mwaka wa tatu, zamu ya ngome ikiangukia siku moja na zamu ya kanisa, makundi hayo mawili hukutana mahali pale. Hushindana kwa maneno tu, kwa mzaha, husalimiana, na kila upande hushika njia yake. Lakini mpaka wa kusini wa parokia hiyo hauna jiwe wala ukuta, kwa maana umo katikati ya mto Thames. Huko watoto huenda kwa chombo, na wakifika katikati huinama wakayapiga maji kwa fimbo zao. Fimbo zikiinuliwa, maji hujifunga pale pale, wala haionekani alama yo yote. Basi mwaka wa pili wake hawana budi kwenda tena.